Dakika 10 za mwanzo: kwa nini kipimo cha moyo kianzie mlangoni mwa hospitali

Mgonjwa anapofika hospitali akilalamika kwamba kifua kimembana, jasho linamtoka na pumzi haitoshi, miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya moyo inasema jambo moja bila kuzunguka: ndani ya dakika 10 tangu afike, awe amefanyiwa kipimo cha umeme wa moyo na karatasi yake iwe imesomwa na mtu anayeielewa. Faili litafunguliwa baadaye. Malipo yatafuata. Foleni haimhusu.

Kwa mkazi wa Singida, maneno hayo yanaweza kusikika kama habari za hospitali za nchi za mbali. Wapo watakaouliza: dakika 10 zina maana gani kwa mtu aliyetoka Mitundu, Rungwa au vijiji vya ndani vya Mkalama, ambaye safari peke yake imemchukua saa nyingi? Swali hilo ni la haki. Makala haya yanaeleza kwa nini dakika hizo 10 zina uzito mkubwa zaidi kwenye mkoa kama wetu kuliko mjini Dar es Salaam, zinapotelea wapi, na nini kinaweza kufanyika bila kusubiri jengo jipya.

Nini hutokea moyo unaposhambuliwa

Moyo ni msuli. Kazi yake ni kusukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe nao unahitaji damu, na huipata kupitia mishipa myembamba inayouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta yanaweza kujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, hasa kwa mtu mwenye presha, mwenye kisukari, anayevuta sigara au mwenye lehemu nyingi kwenye damu. Kisha siku moja tabaka la mafuta yale linapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba. Hilo ndilo shambulio la moyo, ambalo wengine huliita mshtuko wa moyo.

Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inaanza kufa, lakini haifi yote mara moja. Inakufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Mkulima wa vitunguu anaelewa jambo hili vizuri. Bustani ikikosa maji kwenye jua kali, ukiyarudisha mapema miche mingi itainuka. Ukichelewa, unamwagilia majani makavu. Msuli wa moyo ukishakufa hauoti tena. Mtu akipona, anabaki na moyo dhaifu, anachoka kwa kazi ndogo, miguu inavimba, na shamba alilokuwa akililima mwenyewe linahitaji vibarua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 19.8 duniani mwaka 2022, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha. Yale maneno kwamba moyo ni ugonjwa wa matajiri hayaendani na takwimu hizo.

Kipimo chenyewe ni kipi

Kila moyo unapodunda, hutoa umeme mdogo sana. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wahudumu wengi hukiita ECG, kinausoma umeme huo. Mgonjwa analala chali, anawekewa vibandiko au vibanio 10: vinne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Mashine inachora mistari kwenye karatasi ikiutazama moyo kutoka pande 12. Hakichomi, hakitoi damu, wala hakipitishi umeme kwenye mwili wa mtu. Kwa mhudumu aliyezoea, kazi nzima huchukua kama dakika tano.

Wala si teknolojia ya jana. Daktari wa Uholanzi, Willem Einthoven, ndiye aliyeunda chombo cha kwanza kilichoweza kusoma umeme wa moyo vizuri, mwanzoni mwa karne iliyopita, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Chombo chake kilijaza chumba. Mashine za leo zinabebeka mkononi, na nyingi zinafanya kazi kwa betri hata umeme ukikatika.

Kipimo hiki kina mambo mawili ambayo mgonjwa na ndugu zake wanapaswa kuyajua.

La kwanza, ndicho kinachotenganisha aina za shambulio. Mshipa mkubwa ukiziba kabisa, kwa kawaida sehemu fulani ya mstari kwenye karatasi huonekana imenyanyuka kuliko kawaida. Mgonjwa huyo anahitaji mshipa wake ufunguliwe haraka. Mshipa ukiwa umeziba nusu, mstari hausomeki hivyo, na matibabu ni mengine. Dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda inamwokoa mgonjwa wa kwanza, lakini kwa wa pili inaweza kuleta madhara kuliko faida, kwa sababu inaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya mwili, hata kichwani. Bila kipimo, daktari hana njia salama ya kuamua. Anabaki kubahatisha.

La pili, kipimo cha kwanza kikiwa safi hakimaanishi kwamba mtu ni mzima. Maumivu yakiendelea, kipimo kinatakiwa kurudiwa baada ya dakika 15 hadi 30. Pia kuna kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Hicho nacho mara nyingi hurudiwa baada ya saa chache, kwa sababu protini hiyo huchukua muda kupanda. Ndiyo maana mgonjwa mwenye dalili kali hapaswi kuambiwa "moyo wako uko sawa, nenda nyumbani" kwa karatasi moja tu.

Somo kutoka Moshi

Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe kuhusu jambo hili. Watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwafuatilia wagonjwa karibu 700 waliofika kwenye idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kila mmoja alifanyiwa kipimo cha umeme wa moyo na cha damu kwa ajili ya utafiti.

Matokeo yalishtua. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na shambulio la moyo au hali inayokaribiana nalo. Kati ya hao, chini ya robo walipewa aspirini pale kwenye idara ya dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hakupewa hata mmoja. Na ndani ya siku 30, zaidi ya wawili kati ya kila watano walikuwa wamefariki.

Hospitali ile si zahanati ya pembezoni. Ni hospitali ya kanda, yenye mabingwa. Ikiwa pale wagonjwa wa moyo walipita bila kutambuliwa, tatizo haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa majengo peke yake. Mara nyingi tatizo ni kwamba hakuna aliyelifikiria shambulio la moyo. Kifua kikiuma na pumzi ikikosekana, akili ya wengi, wagonjwa na wahudumu pia, inakimbilia nimonia, kichomi, vidonda vya tumbo, gesi au malaria. Ugonjwa usiofikiriwa haupimwi, na usiopimwa hauingii kwenye takwimu. Mwisho wake watu wanasema: "Huku kwetu shambulio la moyo ni nadra."

Watafiti haohao wakaja na mpango wa kubadilisha hali, bila kuanza na mashine za gharama kubwa. Ulikuwa na vitu kama kadi ya kumtambua mgonjwa mwenye dalili za moyo tangu mapokezi, mafunzo kwa wahudumu, kadi ndogo za mfukoni za kumkumbusha daktari hatua za kufuata, vipeperushi vya kumwelimisha mgonjwa, na watumishi waliopewa jukumu la kuwasukuma wenzao. Ni mambo ya utaratibu zaidi kuliko ya fedha.

Dakika zinapotelea wapi

Hebu tuufuate utaratibu wa kawaida wa hospitali zetu nyingi. Mgonjwa anafika mapokezi. Anafungua faili au kadi. Anaelekezwa dirisha la malipo au la bima. Anapimwa presha, joto na uzito. Anakaa kwenye benchi kusubiri daktari. Daktari anamsikiliza na kuandika kipimo. Mgonjwa anarudi dirishani kulipia kipimo. Anatafuta chumba cha kipimo. Kama ni jioni au siku ya mapumziko, huenda mwenye ufunguo hayupo. Karatasi ikitoka, anairudisha kwa daktari, na huko anakuta foleni nyingine.

Hakuna mtu mbaya katika mlolongo huo. Kila hatua ina sababu yake. Lakini kwa mwenye mshipa ulioziba, kila benchi ni sehemu ya msuli inayokufa.

Hospitali zilizofanikiwa kupunguza muda huu, iwe Ulaya, Asia au Afrika, zimefanya mambo yanayofanana. Muuguzi wa mapokezi ya dharura anapewa ruhusa ya kuanzisha kipimo mwenyewe, kwa kuangalia malalamiko tu, bila kungoja daktari aandike. Mashine inakaa kwenye toroli palepale kwenye idara ya dharura na haifungiwi. Pembeni panatengwa kitanda chenye pazia, jambo muhimu kwa akina mama wanaohitaji kufungua kifua kwa staha. Karatasi haiwekwi kwenye faili isubiri. Inapelekwa mkononi kwa daktari aliye zamu, anaiangalia, anaandika saa na kusaini. Malipo yanafuatiliwa mgonjwa akiwa tayari anatibiwa.

Kuandika saa kunaonekana ni jambo dogo, lakini ndiko kunakobadilisha kazi. Hospitali inayoandika saa mgonjwa alipofika na saa kipimo kilipofanyika, mwisho wa mwezi inaweza kuona kama inatumia dakika 10 au 90. Isiyoandika inabaki kusema "tunajitahidi".

Kwa nini Singida inahitaji haraka kuliko Dar es Salaam

Njia bora ya kufungua mshipa ulioziba ni kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mkono au paja hadi kwenye moyo na kuutanua mshipa kutokea ndani. Huduma hiyo inahitaji maabara maalumu na mabingwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, inaifanya. Kwa sisi wa Singida, mahali pa karibu zaidi penye maabara kama hiyo ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Sasa tazama ramani. Miongozo inasema njia ya mrija ndiyo ya kuchagua kama inaweza kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Ikishindikana, mgonjwa aanzishiwe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale alipo, mradi hana sababu ya kuzuiwa, kisha asafirishwe. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni karibu kilomita 240, barabara ya lami. Gari la wagonjwa likiondoka papo hapo, na kule wakiwa tayari wanasubiri mlangoni, dakika 120 zitakuwa zimeisha njiani. Wa Kiomboi na Nduguti wako mbali zaidi. Wa Manyoni, walio karibu na Dodoma kuliko wote, nao watakuwa wanakimbizana na saa.

Kwa hiyo kwa wakazi wengi kati ya milioni 2 na ushee waliohesabiwa Singida kwenye sensa ya 2022, matibabu ya kwanza ya kufungua mshipa, kama yatapatikana, yatakuwa ni dawa itakayotolewa hapahapa mkoani. Na tumeshaona kwamba dawa hiyo haitolewi bila kipimo. Anayeishi Upanga akicheleweshwa kipimo, bado yuko jirani na mabingwa. Anayeishi Ikungi akicheleweshwa, hakuna cha kumfidia.

Thamani ya matibabu haya ya mwanzo ilithibitishwa zamani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187 katika nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo katika wiki tano za mwanzo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyotumika, streptokinesi, nayo ilipunguza kwa kiasi kama hicho. Waliopewa zote mbili, vifo vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Aspirini ni miongoni mwa vidonge vya bei nafuu kabisa kwenye duka la dawa.

Nani ataisoma karatasi?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mashine inaweza kununuliwa, lakini daktari bingwa wa moyo hawezi kukaa kila wilaya. Ni kweli, ila si lazima akae.

Karatasi ya kipimo inapigwa picha kwa simu na kutumwa. Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, lilijaribu mpango wa kuunganisha hospitali ndogo na hospitali kubwa zenye mabingwa. Hospitali ndogo ilifanya kipimo, ikatuma, ikashauriwa, ikaanza dawa, kisha mgonjwa akasafirishwa kwenda kufanyiwa uchunguzi wa mishipa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 2,420, yalionyesha vifo vya ndani ya mwaka mmoja vikishuka kutoka asilimia 17.6 hadi 14.2. Si muujiza, lakini ni zaidi ya watu watatu katika kila mia waliobaki na familia zao.

Singida ina vituo vinavyoweza kuwa matawi ya mtandao kama huo: hospitali za wilaya, na hospitali za mashirika ya dini ambazo zimehudumia vijiji kwa miongo mingi, kama Mtakatifu Gaspar ya Itigi, Makiungu na Iambi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ingekuwa kitovu, na Dodoma ingekuwa macho ya bingwa. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi: nani anapokea picha saa nane usiku, anajibu ndani ya dakika ngapi, na nani anawajibika asipojibu. Kundi la simu lisilo na zamu halimsaidii mgonjwa. Na jina la mgonjwa lifunikwe kabla picha haijatumwa, maana siri ya ugonjwa ni haki yake.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja nzito dhidi ya kulivalia njuga jambo hili, na si vyema kuzikwepa.

Ya kwanza ni kwamba mashine bila dawa ni pambo. Daktari akishaona mshipa umeziba na stoo haina dawa ya kuyeyusha damu, kipimo kimesaidia nini? Kimesaidia kiasi: mgonjwa atapewa aspirini, ataangaliwa mapigo ya moyo yasije yakavurugika ghafla, na atapewa rufaa yenye maelezo kamili badala ya kuzungushwa. Lakini hoja inabaki. Hospitali inayonunua mashine inunue na dawa, na karatasi za mashine pia, kwa sababu mashine nyingi huishia kukaa kimya kwa kukosa karatasi, vibandiko au betri.

Ya pili ni kwamba wahudumu ni wachache na magonjwa ni mengi. Muuguzi anayemhudumia mama anayetokwa damu na mtoto mwenye degedege ataongezewaje kipimo kingine? Jibu ni kuchagua. Si kila anayeumwa kifua anahitaji kukimbizwa. Kijana aliyekohoa wiki nzima na kuumwa kifua anapokohoa ni tofauti na mtu wa miaka 55 mwenye kisukari anayebanwa kifua huku akitokwa jasho baridi. Kadi ya maswali machache mlangoni inawatenganisha.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Kwenye utafiti wa Moshi, wagonjwa walifika hospitali wastani wa karibu wiki moja baada ya dalili kuanza. Kama mtu amekaa nyumbani siku sita, kuharakisha dakika 10 za hospitali kunabadilisha nini?

Kunabadilisha mambo mawili. Wastani unaficha watu: wapo waliokaa wiki mbili, na wapo waliofika siku ileile. Hao wa siku ileile ndio wanaookolewa au kupotezwa na benchi la hospitali. Halafu watu hawakimbilii mahali ambapo jirani yao alipewa dawa za vidonda vya tumbo akafa kesho yake. Huduma ikionekana inaokoa, habari husambaa mnadani na kwenye vilabu kuliko tangazo lolote. Hata hivyo ukweli ubaki wazi: muda mwingi zaidi unapotelea nyumbani, na hapo sote tunahusika.

Saa zinazopotea nyumbani

Mtu akianza kuumwa, familia hungoja. Atameza dawa ya maumivu, atapewa soda au maji ya moto kwa kudhani ni gesi, atasuguliwa kifua kwa mafuta. Wengine wataambiwa ni "chembe ya moyo" na kupelekwa kwa mtu wa kuikanda. Usiku ukiingia watasema kesho asubuhi. Usafiri nao ni fedha, na fedha mara nyingi iko kwenye alizeti ambayo haijauzwa.

Zijue dalili. Kifua kubanwa, kulemewa au kuungua katikati au upande wa kushoto, kwa zaidi ya dakika 15, hata ukipumzika. Maumivu kwenda kwenye bega, mkono, taya, shingo au mgongo. Jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, kizunguzungu, uchovu wa ghafla usio na sababu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Kwao inaweza kuwa pumzi, kutapika au udhaifu wa ghafla tu.

Dalili hizo zikijitokeza, mgonjwa akae au alale akiwa ameinuliwa, asitembee, asipande baiskeli, asiendeshe mwenyewe. Atafutiwe gari. Bodaboda itumike pale tu pasipo na kingine, akiwa ameshikwa na mtu nyuma. Pigeni simu kituoni mapema. Mkifika, msisubiri kuulizwa: semeni kwa sauti mlangoni, "Tunahofia moyo, kifua kimembana tangu saa fulani." Saa ya kuanza kwa maumivu ni taarifa ambayo daktari ataihitaji kuliko nyingine. Chukueni dawa zote anazotumia na kadi zake za kliniki.

Zahanati isiyo na mashine nayo ina kazi ya kufanya. Mhudumu anaweza kumpa mgonjwa aspirini ya kutafuna baada ya kuuliza kama ina madhara kwake, kama anatokwa damu au ana vidonda vya tumbo vinavyovuja, na kuhakikisha hakuna dalili za kiharusi kama mdomo kupinda au mkono kulegea. Kisha apige simu hospitali na kuondoa mgonjwa mara moja. Kwa ndugu nyumbani, uamuzi wa kumpa aspirini ufanyike kwa kumuuliza mhudumu wa afya kwanza. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Kuna mfano mzuri wa usafiri tayari. Kupitia mfumo wa m-mama, mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hupatiwa usafiri kwa kupiga 115 bure, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kijamii aliyesajiliwa hufanya kazi hiyo na kulipwa kupitia simu. Mfumo huo umeonyesha kuwa kijiji kisicho na ambulensi kinaweza kuwa na usafiri wa dharura. Swali la kisera ni kama wagonjwa wa moyo, kiharusi na ajali wanaweza kuwekewa mpango kama huo bila kuwanyang'anya akina mama magari yao.

Nani anaweza kuamua

Mengi kati ya haya yako ndani ya uwezo wa mkoa na halmashauri. Vituo vya umma hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi. Madiwani hupitisha bajeti ya afya ya halmashauri. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, uliolenga kuwafikia wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, unaweza kubeba elimu ya dalili za moyo nyumba kwa nyumba pamoja na upimaji wa presha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inatakiwa kupimwa kwa kigezo hiki: je, itaondoa dirisha la malipo kati ya mgonjwa wa dharura na kipimo chake?

Msikilizaji, kwenye mkutano wa kijiji au kikao cha kamati ya kituo chako, maswali matano yanatosha kuanzia. Mashine ya kupima umeme wa moyo ipo, na inafanya kazi leo? Inakaa wapi usiku, na ufunguo anao nani? Muuguzi anaruhusiwa kuanza kipimo kabla ya malipo? Karatasi anasomewa na nani, na kwa simu gani? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iko hospitali ipi ya karibu?

Majibu yake yaandikwe na kubandikwa ukutani. Kituo ambacho jibu ni "hapana" kwa yote matano kitakuwa kimejua pa kuanzia, na wananchi watajua wapitilize waende wapi mtu wao atakaposhika kifua usiku wa manane.